Tumeshindwa Mahakama ya Rufaa. Je, Mahakama ya Juu itatusikiza?

Swali: "Mimi ni binti wa kwanza kwetu, naishi Nakuru. Baba amekuwa kortini miaka kumi na mmoja kwa ajili ya shamba la babu kule Malava. Mashamba yalipopimwa miaka ya sabini, liliandikwa kwa jina la ndugu yake mkubwa. Tulishindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Kakamega, na siku tisa zilizopita Mahakama ya Rufaa, Kisumu, ikatupilia mbali rufaa yetu. Kaka yangu naye alihukumiwa kunyongwa na hakimu hapa Nakuru kwa wizi wa mabavu. Mahakama Kuu ilikataa rufaa yake, na wiki tano zilizopita Mahakama ya Rufaa pia ikakataa. Sasa bwana mmoja anayejiita wakala wa korti anasema kwa laki moja na nusu atazifikisha kesi zote mbili Mahakama ya Juu. Anasema majaji saba wataanza upya na kuwaita mashahidi, akiwemo jirani aliye tayari kusema kaka alikuwa kwake usiku ule. Gerezani nako wanasema tangu kesi ya Muruatetu hukumu ya kunyongwa iliisha. Je, tuuze ng'ombe?"

Jibu:

Dada yangu, ng'ombe wakae zizini kwanza. Nakujibu usiku huu huu kwa sababu siku zinahesabika: katika kesi ya shamba mmebakiwa na siku tano, na katika kesi ya kaka yako siku zimeshapita. Nitaeleza zote mbili. Lakini nianze na hilo mliloambiwa na huyo bwana, maana nimeona familia zikimaliza mali yao kwa tumaini la namna hiyo baada ya kesi yenyewe kwisha zamani.

Mahakama ya Juu haianzi kesi ya rufaa upya. Mashahidi hawaitwi kupanda kizimbani. Majaji husoma rekodi ya yaliyosemwa na kuamuliwa huko chini, husoma hoja zilizoandikwa na mawakili wa pande zote, kisha huwasikiza kwa muda mfupi na kuwauliza maswali makali. Upo mlango mwembamba wa kupokea ushahidi wa ziada, lakini haukuwekwa kwa ajili ya shahidi ambaye familia ilimjua tangu siku ya kwanza na haikumwita. Na hata hao "majaji saba" si lazima waketi wote, kwa kuwa watano wanatosha kikao kutimia.

Wengi huchanganya Mahakama Kuu na Mahakama ya Juu, na siwalaumu, majina yanakaribiana. Mahakama Kuu ndiyo ile iliyo Nakuru, Kisumu, Kakamega, Eldoret na miji mingine, na ndiko kaka yako alikopeleka rufaa yake ya kwanza. Juu yake kuna Mahakama ya Rufaa, ambako kwa kawaida majaji watatu huketi pamoja. Mahakama ya Juu ni moja tu, makao yake Nairobi, na ilizaliwa na Katiba ya 2010. Kabla ya hapo, Mahakama ya Rufaa ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari kwa kila Mkenya.

Wenye Katiba walipoiunda hawakuwa wanaongeza ngazi moja zaidi ya kulalamikia hukumu. Walitaka mahakama itakayotamka neno la mwisho juu ya maana ya sheria yetu, ndiyo maana kifungu cha 163(7) kinaziamuru mahakama nyingine zote kulifuata neno hilo. Ikiamua kesi yenu leo, hakimu wa Siaya na wa Lodwar wanalazimika kuufuata uamuzi huo kesho. Mahakama yenye kazi nzito namna hiyo haiwezi kuwa pia mahali pa kuamua ni nani alidanganya juu ya mpaka wa ua. Hilo liliamuliwa na jaji aliyemwona shahidi kwa macho yake na kumsikia sauti ikitetemeka.

Hapa ndipo pana kiini cha jambo lote, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kila kesi ina mambo ya ushahidi na mambo ya sheria. Hakimu akisema, "Namwamini mlalamishi, alimwona mshtakiwa kwa mwanga wa tochi," huo ni ushahidi. Hakimu akisema, "Sheria hainilazimu kuwa mwangalifu zaidi ninapomtegemea shahidi mmoja aliyeona gizani," hiyo ni sheria, na amekosea. Mahakama ya rufaa ya kwanza, kama ilivyosemwa katika kesi maarufu ya Okeno ya mwaka 1972, ina wajibu wa kuupitia ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi. Rufaa ya pili huishia kwenye sheria. Katika rufaa ya Mahakama ya Juu, iwe ya pili au ya tatu, haitoshi hata kuwa na hoja ya sheria. Lazima hoja hiyo ipite katika mmoja wa milango miwili ya kifungu cha 163(4).

Mlango wa kwanza ni wa haki, huombi ruhusa: kesi iwe inahusu kufasiri au kutumia Katiba. Watu husoma hapo wakafurahi, wakaenda kujaza neno "Katiba" kila ukurasa. Mwaka 2012, katika kesi ya Nduttu iliyoletwa na wafanyakazi waliokuwa wakidai kampuni ya bia, Mahakama ya Juu ilisema kudai tu kwamba haki ya kikatiba imevunjwa hakutoshi. Suala la Katiba lazima liwe ndilo lililobishaniwa na kuamuliwa na Mahakama ya Rufaa. Huwezi kulifungua Nairobi kama mzigo mpya ambao Kisumu haukuonekana.

Mlango wa pili ni wa ruhusa: jambo lithibitishwe kuwa lina umuhimu kwa umma kwa jumla. Maombi hayo huanzia Mahakama ya Rufaa yenyewe, na ikikataa, unaweza kuiomba Mahakama ya Juu ipitie kukataa huko. Kipimo kiliwekwa mwaka 2013 katika kesi ya Steyn. Hoja iwe ya sheria, yenye uzito, inayovuka mipaka ya wagombanao na kuwagusa wengine, na iwe ilijadiliwa huko chini. Kisha mahakama ikaongeza mambo mawili ambayo ningependa kila familia iliyoshindwa iyasikie: kubishania ushahidi pekee si sababu ya kupewa ruhusa, na hofu kwamba haki haikutendeka, peke yake, pia si sababu.

Najua maneno hayo yanauma. Mtu anayelala nje ya shamba alilozaliwa akiambiwa "hofu ya kutotendewa haki haitoshi" huona mahakama ina moyo wa jiwe. Mimi naamini kipimo hicho ni sahihi, kwa sababu kila anayeshindwa huondoka na hofu hiyo, na kama ingetosha, majaji saba wangezikwa chini ya mafaili na hakuna atakayepata jibu kabla wajukuu hawajazeeka. Lakini sitakuficha kwamba gharama ya kipimo hicho hubebwa na watu halisi.

Sasa shamba lenu. Msidhani kesi ya ndugu wawili juu ya ekari chache haiwezi kufika kule. Ilishafika. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Kiebia, ya familia moja ya Meru iliyogombania ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mmoja wao. Ilipewa ruhusa kwa sababu swali lake liligusa nyumba nyingi nchini: ardhi ya ukoo ikiandikwa kwa jina la mtu mmoja, je, jina hilo hufuta haki za wengine? Kwa miaka mingi mahakama ziliegemea kesi za mwaka 1972 na 1973, Obiero na Opiyo, kisha Esiroyo na Esiroyo, za familia za huku kwetu magharibi, zilizosema usajili hufuta haki za kimila. Kesi nyingine zilisema hapana, aliyeandikishwa anaishikilia kama amana, yaani kwa niaba ya wenzake. Hukumu zilipingana, wazee wakapoteza, vijana wakapigana mapanga.

Kiebia ilimaliza mabishano. Amana ya kimila ipo, na huifuata ardhi hata kama haikuandikwa kwenye hati miliki. Anayeidai lazima aonyeshe kwamba kabla ya kusajiliwa ardhi ilikuwa ya familia, ukoo au kundi. Kwamba yeye ni wa familia hiyo na uhusiano wake si wa mbali mno. Kwamba angestahili kuandikishwa isipokuwa kwa jambo fulani lililoingilia kati. Na kwamba anayedaiwa naye ni wa familia au ukoo huo. Na si lazima awe anaikalia ardhi hiyo.

Unaona basi tatizo lenu liko wapi. Swali kubwa la sheria limeshajibiwa, na kwa upande wa baba yako. Kwa hiyo chukueni hukumu ya Kisumu, msome kurasa za mwisho mkiuliza jambo moja tu: tulishindwa kwa nini? Kama majaji walisema, "Hatukuridhika kwamba babu ndiye aliyekuwa na shamba hili, mashahidi walipingana, huenda mwana mkubwa alilinunua mwenyewe," basi mmeshindwa kwa ushahidi. Uliangaliwa Kakamega, ukapitiwa tena wote Kisumu kwa kuwa hiyo ilikuwa rufaa yenu ya kwanza. Safari imefika mwisho, na wakili mwaminifu atawaambia hivyo. Lakini kama walisema, "Baba hakuwa anaikalia ardhi, kwa hiyo hana amana," au "usajili wa kwanza haupingwi kwa mila," hapo wamekwenda kinyume cha Kiebia, nanyi mna hoja ya kumkimbilia wakili kesho asubuhi. Kupewa ruhusa si jambo la uhakika hata hapo. Ila hoja ya namna hiyo inaweza kusimama.

Notisi ya rufaa hutolewa ndani ya siku 14 tangu hukumu, na maombi ya ruhusa nayo yasicheleweshwe. Mkipitwa, mnaweza kuomba kuongezewa muda, lakini katika kesi ya Salat ya mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilisema kuongezewa muda si haki ya mtu, na kuchelewa lazima kuelezwe vya kutosha. "Tulikuwa tunatafuta pesa" ni maelezo ninayoyasikia mara nyingi na sijawahi kuyaona yakisaidia sana.

Jambo jingine ambalo wakala hakuwaambia: kupeleka rufaa hakusimamishi hukumu. Baba mkubwa anaweza kuendelea kuwaondoa shambani wakati karatasi zenu zinasubiri Nairobi. Lazima muombe amri ya kusitisha, mkionyesha kwamba rufaa ina hoja, kwamba isipositishwa itakuwa kazi bure, na kwamba umma hautaumia. Mkishindwa tena mnaweza kulipa gharama za upande wa pili, juu ya zile za Kakamega na Kisumu. Pigeni hesabu hiyo mkiwa pamoja kama familia, baba akiwepo. Na kama baba mkubwa bado anasikiliza wazee, mazungumzo hayajafungwa. Hukumu humpa nguvu, lakini haimkatazi kumwachia ndugu yake mahali pa kuzikwa na kipande cha kulima. Mkikubaliana, iandikwe na isainiwe mbele ya wakili.

Sasa kaka yako. Hapa naandika polepole, maana ni maisha ya mtu.

Katiba haina mlango wa tatu kwa ajili ya kesi za jinai. Mshtakiwa hupita katika milango ile ile miwili. Kaka yako alishtakiwa mbele ya hakimu, kwa hiyo Mahakama Kuu ndiyo iliyoupima ushahidi upya, na Mahakama ya Rufaa ikaangalia sheria peke yake. Kwa mtu wa mauaji hesabu ni tofauti, kwa kuwa kesi yake huanzia Mahakama Kuu na rufaa yake ya kwanza ni Mahakama ya Rufaa.

Wanayosema gerezani kuhusu Muruatetu ni nusu ya habari. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kunyongwa katika kila kesi ya mauaji bila kumsikiza mtu juu ya hali yake. Haikufuta adhabu hiyo. Jaji bado anaweza kuitoa, ila halazimiki. Na washindi wa kesi ile hawakufunguliwa mlango wakatoka. Walirudishwa Mahakama Kuu wakapangiwe adhabu upya. Baadaye mahakama nyingi, pamoja na Mahakama ya Rufaa hapa Kisumu mwaka 2018, ziliutumia uamuzi huo hata kwa wizi wa mabavu. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikarudi kusema wazi kwamba Muruatetu ni ya mauaji pekee, na kwamba anayepinga adhabu za makosa mengine aanzie Mahakama Kuu na kupanda ngazi. Kwa hiyo kaka yako hawezi kusimama Nairobi na kusema "Muruatetu" akatarajia jibu. Kama hoja hiyo haikutolewa katika rufaa zake, njia yake inaanzia chini.

Msisahau pia kwamba serikali nayo hupanda. Mwaka 2024, kwa rufaa ya upande wa mashtaka, Mahakama ya Juu ilimrudishia miaka 20 mtu aliyehukumiwa kwa kunajisi mtoto, baada ya Mahakama ya Rufaa kumpunguzia hadi 15. Aprili 2025 iliondoa uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Kisumu uliokuwa umesema kifungo cha maisha ni miaka 30, na kifungo cha maisha kikarudi. Wafungwa wengi walikuwa wameshaanza kuhesabu miaka yao. Nasema haya ili mjue mahakama hiyo si mahali pa huruma. Ni mahali pa kunyoosha sheria, na sheria ikinyooshwa inaweza kumwangukia hata aliyekuwa amepona.

Huyo jirani sasa. Kifungu cha 50(6) cha Katiba kinampa mtu aliyemaliza rufaa zake haki ya kuiomba Mahakama Kuu, si Mahakama ya Juu, kesi isikizwe upya, kama umepatikana ushahidi mpya na wenye nguvu. "Mpya" maana yake haukuwepo au usingeweza kupatikana wakati wa kesi hata mtu angejitahidi. "Wenye nguvu" maana yake unaaminika, na ungeweza kubadili uamuzi. Kama kaka yako kweli alilala kwa jirani usiku ule, alimjua jirani huyo tangu siku alipokamatwa. Mahakama itauliza kwa nini hakuitwa. Ikiwa alitishwa, alikuwa nje ya nchi, au alilazwa hospitalini bila fahamu, kuna jambo la kusema. Ikiwa alikuwepo nyumbani na akaogopa tu kupoteza siku ya kazi, njia hiyo itafungwa. Mwulizeni vizuri, na asiandike kiapo cha jambo asilolishuhudia. Uongo wa namna hiyo utamfunga yeye bila kumtoa kaka.

Kuhusu hofu yako kubwa zaidi: Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na mwaka 2009, 2016 na 2023 marais walibadilisha hukumu za kunyongwa kuwa vifungo vya maisha kwa makundi makubwa ya wafungwa. Kifungu cha 133 kinamruhusu mfungwa kuomba msamaha wa Rais kupitia kamati maalum, bila kulipa mtu yeyote. Afisa wa ustawi gerezani anazijua fomu hizo. Nenda ukamwone.

Nimalizie na huyo wakala. Mtu asiye wakili hana ruhusa ya kuwaandikia rufaa kwa malipo. Mwambieni awape jina la wakili atakayesaini, kisha mlitafute katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya muone kama ana leseni ya mwaka huu. Ada za mahakama hulipwa kwa njia rasmi na risiti hutoka. Haziingii kwenye simu ya mtu. Akikasirika kwa kuulizwa, mmeshapata jibu. Kama hamna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa kwa ajili ya watu wa hali yenu, na shirika la Kituo cha Sheria nalo hutoa ushauri. Hukumu nyingi za mahakama zetu za juu, Kiebia na Muruatetu zikiwemo, zinasomwa bure katika tovuti ya Kenya Law.

Mimi siwezi kuamua kwa barua kama hukumu ya Kisumu ina kosa la sheria, na yeyote anayesema anaweza bila kuisoma, mkimbieni. Kesho mapema beba nakala ya hukumu ya Kakamega, nakala ya hukumu ya Kisumu, cheti cha upekuzi wa shamba kutoka ofisi ya ardhi, na barua yoyote ya zamani inayomtaja babu. Mpeleke baba kwa wakili anayefanya kesi za rufaa, na jambo la kwanza mwambie tarehe ya hukumu.